Ukiandaa maonyesho ya wachoraji wa vitabu vya watoto, piga magoti kwanza

Mtoto wa kwanza kuingia kwenye maonyesho yetu alisimama, akatazama mbele, na alichokiona ni ukuta mtupu wenye rangi ya krimu. Akamvuta mwalimu wake sketi: "Ticha, picha ziko wapi?" Zilikuwa juu ya kichwa chake. Nilishinda siku mbili nikipanda na kushuka ngazi, nikijisifu kwamba mstari umenyooka, kumbe nilikuwa nimezitundika usawa wa macho yangu mimi.

Hiyo ilikuwa katika maktaba moja hapa Kisumu. Nilijitolea kusaidia kwa sababu nilidhani kazi yenyewe ni misumari na fremu. Tangu hapo walimu wawili na mkutubi mmoja wa upande wa Kakamega wameniuliza tulifanyaje, nami huwaambia waanze na kimo. Makumbusho mengi huweka katikati ya picha kama sentimita 150 kutoka sakafuni, na kwa mtu mzima ni sawa. Lakini mtoto wa gredi ya kwanza ana kimo cha kama sentimita 115 tu. Shusha katikati ya picha hadi sentimita 90 au 100, kisha upige magoti mbele yake uone kama mwanga wa dirisha unakuchoma macho. Sisi tulishusha zote saa ya chakula cha mchana, watoto wakitusubiri nje chini ya mti.

Kutundika si kazi hasa. Kazi ni kujua nani alichora nini. Daftari la maktaba lilikuwa na mwandishi, mchapishaji na mwaka. Mchoraji hakuwemo, ilhali katika kitabu cha mtoto wa miaka mitano mchoraji ndiye anayebeba zaidi ya nusu ya hadithi! Jumamosi tatu tuliketi sakafuni tukifungua kitabu kimoja kimoja, upande wa pili wa ukurasa wa jina, tukitafuta maneno "michoro na" yaliyoandikwa kwa herufi za sisimizi. Vingine havikuwa na jina lolote. Jina moja lilijirudia mara nne, na dada mkutubi akashtuka: alikuwa anamjua. Ni yule fundi wa kuandika mabango upande wa Kondele, ambaye huja kusoma gazeti karibu kila wiki na hajawahi kumwambia mtu.

Kwa hiyo usikimbilie Nairobi kutafuta majina. Fungua kwanza vitabu ulivyo navyo.

Ukimpata mchoraji, usimwombe picha nzuri. Hizo ziko kitabuni tayari. Siku hizi wengi huchora kwenye tabuleti, na picha ya mwisho ni faili tu, haina karatasi ya kutundika. Mwombe mipango ya penseli na hasa michoro iliyokataliwa. Fundi wetu alileta picha moja, ya kurasa mbili zinazotazamana, katika hatua tano: mistari ya haraka, penseli safi, wino, rangi za maji, kisha kitabu chenyewe. Hapo ndipo watoto walipojazana. Katika hatua ya pili mama muuza samaki alikuwa katikati kabisa ya picha, katika ya tatu amesogezwa kando. Mtoto akauliza kwa nini. Fundi akafungua kitabu, akaonyesha mkunjo wa katikati: uso ukikaa pale, kitabu kinaumeza. Mimi niliyesoma vitabu maisha yangu yote sikuwahi kuliona hilo.

Halafu akaja kijana wa kama miaka saba, anatoka upande wa Dunga, kwenye ufuo wa wavuvi, akainamia beseni la samaki la mama huyo pichani. "Anko, huyu si ngege. Mdomo ni wa mbuta." Ngege ni tilapia, mbuta ni sangara. Fundi alicheka hadi akakaa chini. Alikubali: alichora haraka, usiku, tarehe ya kukabidhi kazi ikiwa imefika, na mhariri hakugundua. Tukaweka meza na penseli ili watoto wachore ngege sahihi, na hiyo meza ikawashinda wageni rasmi wote kwa mvuto.

Meza nyingine iliyofaa ilikuwa ya kukunja karatasi. Kunja karatasi moja mara tatu, ukate kingo, utapata majani manane, yaani kurasa 16. Ukiwa na mbili unapata 32, na ndiyo sababu vitabu vingi vya picha vina kurasa 32: kiwandani huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa hivyohivyo. Mtoto akikunja mwenyewe, anaelewa kwa nini mchoraji hawezi kuongeza ukurasa mmoja tu kwa sababu simba amependeza.

Mambo machache ya haraka. Tulitundika kwa nailoni ya kuvulia na vibanio vya nguo. Ni rahisi kushusha na ukuta haujai matundu. Rangi za maji hupauka kwenye jua, kwa hiyo usiweke chochote mkabala na madirisha ya magharibi, maana jua la alasiri la huku halina huruma. Karatasi halisi ifunike kwa plastiki ngumu, vidole vitafika tu.

Na uliza mkataba kabla ya kukuza picha na kuibandika langoni. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeagiza, isipokuwa wawe wamekubaliana vinginevyo. Fundi anaweza kuwa na karatasi mkononi huku haki ya kuinakili iko kwa mchapishaji. Sisi tuliandika barua, tukajibiwa vizuri, lakini ilichukua muda. Andika mapema.

Siku ya mwisho nyanya mmoja aliyekuja na mjukuu alichukua kitabu cha Kiingereza, akaanza kumsimulia kwa Dholuo, ukurasa hadi ukurasa, kwa kufuata picha tu. Hadithi yake ilikuwa ndefu kuliko iliyochapwa, na nina shaka kama fisi alikuwemo kabisa kwenye ile ya mwandishi.

Picha zimesharudi kwa wenyewe, kila moja kwa sahihi. Kilichobaki ni daftari. Dada mkutubi na mimi tunaongeza safu ya mchoraji kwa penseli, Jumamosi kwa Jumamosi. Rafu za watoto ni nane. Tuko ya pili.