Kijerumani chuoni: milango, viwango na makosa niliyoyalipia

Sehemu ya pili ya mtihani wa kusikiliza wa Kijerumani wa Goethe-Institut, kiwango cha B1 (ngazi ya kati), huchezwa mara moja tu. Mtu anaeleza ratiba ya matembezi mjini, anataja saa, kituo cha basi, bei ya chakula, kisha sehemu imekwisha. Wewe bado unajiuliza kama "halb drei" ni saa nane na nusu au saa tisa na nusu, mwenzako ameshafika makumbusho. (Ni saa nane na nusu. Mjerumani anasema nusu ya kuelekea tatu, na hiyo tatu yake kwetu ni tisa, kwa hiyo kichwa chako kina hesabu mbili za kufanya kwa sekunde moja.) Mimi nilipata alama 53 kati ya 100. Kupita ni 60.

Naanza na alama hiyo, wadogo zangu mlioanza Kijerumani muhula huu, kwa sababu ilinifungia nafasi niliyokuwa nimeingoja mwaka mzima. Tangazo la kozi fupi ya Ujerumani lilitoka, masharti yakawa wazi, na cheti changu kilikuwa na pengo. Nafasi za lugha hii zipo nyingi kuliko mnavyodhani. Ila karibu zote zina kiwango kilichoandikwa mlangoni, A1 cha wanaoanza, B1, B2 au C1 cha juu, na tangazo likishatoka muda wa kupanda ngazi huwa umekwisha. Cheti kitangulie tangazo. Mimi nilifanya kinyume.

Habari njema ni kwamba B1 ya Goethe ina sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila moja hupitwa peke yake. Ukianguka moja, unarudia hiyo moja na kulipia hiyo moja. Wengi hawalijui hili, wanakata tamaa au wanalipa upya mtihani mzima.

Kwa wanaosoma Makerere, msikae kwenye vipindi vya darasani peke yake. Darasani mko wengi, na kila mmoja huongea dakika chache kwa wiki. Nendeni Kamwokya, kwenye Goethe-Zentrum ya Kampala, kituo cha lugha na utamaduni wa Kijerumani, ambako kuna kozi, mitihani, maonyesho ya filamu na watu wa kuongea nao. Kutoka Wandegeya, jirani na chuo, ni mwendo mfupi wa boda. Jambo lililonisaidia kuliko vitabu vyote lilikuwa kubadilishana lugha na kijana wa Kijerumani aliyekuja kujitolea Kampala. Jumanne tulizungumza Kijerumani saa nzima, Ijumaa Kiswahili saa nzima, na hakuna aliyemlipa mwenzake. Vijana kama yeye wapo kila mwaka, na wengi wana kiu ya Kiswahili au Luganda. Mtafuteni mmoja, muwe na siku maalumu na saa maalumu, la sivyo mtaishia kuongea Kiingereza.

Huyo ndiye aliyenionyesha kosa nililolibeba miaka miwili bila kulijua. Siku moja nilimwambia "Gute Reise", safari njema, akatabasamu, akaniuliza mbona namtakia ukimya. Sisi tuliolelewa na Luganda masikioni tunaitamka r baada ya e na i, na kwingineko inakuwa l, mwanzoni mwa neno hasa. Kwa hiyo "Reise" ikitoka mdomoni mwetu inakuwa "leise", yaani kimya kimya. Kwa Mganda ni sauti moja yenye sura mbili, kwa Mjerumani ni maneno mawili. Andikeni jozi kama hizo ukurasa mmoja, Reise na leise, Rand na Land, msome kwa sauti kila asubuhi hadi ulimi uzoee. Mtihani wa kuzungumza una alama za matamshi.

Na kama Kiswahili kimekaa vizuri kichwani mwako, usikiache nje ya darasa la Kijerumani. Wanaoanza wanalia na der, die na das, wanauliza kwa nini meza iwe ya kiume na taa iwe ya kike. Sisi hatuulizi kwa nini kiti ni ki-vi na mti ni m-mi. Tumejifunza neno pamoja na ngeli yake, na sentensi nzima ikafuata. Fanyeni vivyo hivyo: msikariri "Tisch" (meza), karirini "der Tisch", tangu siku ya kwanza. Kuna na maneno ambayo tayari mnayo. Shule ni Schule ya Kijerumani, na hela ni Heller, sarafu iliyotumika Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1904.

Kwa kusikiliza, njia yangu ni hii. Deutsche Welle, shirika la utangazaji la Ujerumani, ina idhaa ya Kiswahili iliyoanza 1963 na ambayo sasa hutangaza kutoka Bonn, na pia hutoa habari za Kijerumani zinazosomwa polepole, pamoja na maandishi yake, bure. Asubuhi nilisikiliza habari za dunia kwa Kiswahili, kisha nikafungua za Kijerumani cha polepole. Mara nyingi matukio ni yale yale, kwa hiyo unajua kinachosemwa kabla hujaelewa kila neno. Miezi minne ya hivyo, nikiwa kwenye teksi ya kwenda na kurudi, ilinitoa 53 hadi 80.

Sasa milango yenyewe.

Shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, DAAD, hufadhili kozi fupi za lugha kwenye vyuo vya Ujerumani. Hawachukui anayeanza sifuri, na maombi hufungwa miezi mingi kabla ya kozi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aiweke akilini tu, wa mwaka wa pili ajipange. Kwenye barua ya maombi, rasimu yangu ya kwanza ilianza na kwamba tangu utotoni niliipenda Ujerumani. Mhadhiri wangu aliikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, akaniuliza, "Wewe utafanya nini na wiki hizo?" Nikaandika kwamba nataka kufundisha Kiswahili kwa Wajerumani, na kwamba nahitaji kuona wao wenyewe wanavyofundishwa lugha ya kigeni. Barua ikapungua nusu, ikawa na uzito.

Hilo la kufundisha Kiswahili si ndoto ya mchana. Kiswahili kinafundishwa kwenye vyuo vikuu kadhaa vya Ujerumani, Leipzig na Hamburg vikiwemo, na Bayreuth huandaa kongamano la Kiswahili tangu miaka ya 1980. Hapa nyumbani baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Mtu mwenye Kijerumani cha B2 na Kiswahili sanifu ni adimu Uganda kuliko mwenye Kijerumani peke yake. Nawasihi wale wanaokidharau Kiswahili kwa sababu ya maneno ya mtaani kwamba ni lugha ya askari: mnatupa nusu ya mtaji wenu.

Kujitolea Ujerumani kwa mwaka mmoja kunawezekana pia. Mpango wa weltwärts ulianza kwa kuwapeleka vijana wa Kijerumani nchi za nje, baadaye ukafungua njia ya kuwapokea vijana wa huku. Njia yake haianzii ubalozini. Inaanzia kwenye shirika la hapa Uganda linalopokea vijana hao, shule, hospitali, kituo cha watoto, na ambalo lina mwenzake Ujerumani. Kajitoleeni kwenye shirika kama hilo wakati wa likizo. Wakati wa kumpendekeza mtu, wanampendekeza wanayemjua.

Kuhusu au-pair, yaani kuishi na familia na kusaidia kulea watoto, nitasema kwa urefu kidogo maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Kiwango ni A1, umri wa kuomba ni kabla hujatimiza miaka 27, na kazi haipaswi kuzidi saa 30 kwa wiki. Familia inakupa chumba, chakula, euro 280 za matumizi kwa mwezi na mchango wa ada ya kozi ya lugha. Mwenzangu wa hosteli na mimi tuliwahi kumlipa wakala mmoja mjini, kila mmoja shilingi milioni moja na nusu, kwa ahadi ya familia na viza ndani ya miezi mitatu. Hakututumia jina la familia hata moja. Simu ikaanza kuita bila kupokewa, ofisi ikafungwa. Mama yangu alikuwa ameuza mbuzi watatu. Ndugu zangu, familia ya kweli huzungumza nawe kwa video kabla ya mkataba, hukuonyesha watoto, huuliza unakula nini. Viza hutolewa na ubalozi peke yake. Anayekuambia ana mtu wake ndani, mwache.

Mafunzo ya ufundi na uuguzi yanahitaji kwa kawaida B1 au zaidi, na unalipwa ukiwa unajifunza. Kusoma shahada kwa Kijerumani kunahitaji takriban C1, na hiyo ni kazi ya miaka. Kuna shahada za uzamili zinazofundishwa kwa Kiingereza na kufadhiliwa na DAAD, ila kozi zile za maendeleo hutaka angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada ya kwanza. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kinachowakwamisha watu si ada. Asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha euro 11,904 kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo hutoa euro 992 kila mwezi. Kiasi hicho ni cha tangu 2024 na hupandishwa mara kwa mara. Zungumzeni na wazazi mapema kwa tarakimu hizo hizo, msiwaambie tu kwamba Ujerumani elimu ni bure.

Na si lazima kuondoka. Mgeni aliyelipa dola 800 za kibali ili akae na gorila, wale sokwe wakubwa wa msitu wa Bwindi, saa moja anataka kuelezwa anachokiona kwa lugha yake. Mwongoza watalii anayeweza kusema kwa Kijerumani huyu dume mzee ndiye kiongozi, tusogee nyuma kidogo, hupewa makundi ambayo wengine hawapewi. Nawajua wawili waliosoma nami, wote hawajapanda ndege, na wanalea familia zao kwa kazi hiyo.

La mwisho ni dogo, lakini limewarudisha watu nyuma kutoka dirishani. Jina lako kwenye kitambulisho cha taifa, pasipoti, cheti cha UNEB (baraza la mitihani la Uganda) na cheti cha Kijerumani lilingane, herufi kwa herufi na kwa mpangilio ule ule. Cheti changu cha sekondari kilikuwa na l mahali ambapo pasipoti ina r, na kurekebisha kulinichukua wiki saba. Tazama lako wiki hii, kabla hujajiandikisha mtihani wowote, kwa sababu jina utakaloandika siku ya kujiandikisha ndilo litakalochapwa kwenye cheti.