Ukibisha hodi, sema umetumwa na nani

Kijana mmoja aliyeajiriwa karibuni kwenye kampuni ya uhusiano wa umma hapa Dar aliniuliza, "Dada, nitajuaje kwamba nimeshaingia kubaya?" Nikamsimulia siku moja ya Temeke.

Wakati huo nilikuwa kwenye kampuni ya ushauri, ofisi zetu Upanga. Mteja wetu, mwagizaji mkubwa wa bidhaa, alitaka tozo fulani iondolewe kwenye Muswada wa Sheria ya Fedha. Kudai hivyo ni haki yake. Kila msimu wa bajeti kamati ya Bunge hupokea maoni ya wadau, na mfanyabiashara ni mdau kama alivyo mkulima. Tatizo lilikuwa njia tuliyoifuata. Bosi aliona jina la tajiri halitamtia mtu huruma, akaagiza tutafute wanyonge wa kuliongelea jambo lake. Nikakusanya mama lishe na wenye viduka wa Temeke, wazungumze na waandishi. Fulana tukachapisha Kariakoo, nauli na chakula tukawalipia, tamko nikaliandika mimi mwenyewe. Kesho yake habari ikatoka kama kilio cha wananchi, na mteja wetu hakutajwa popote.

Tukiwa tunapanga viti turudishe, mama aliyesoma tamko lile mbele ya kamera akanivuta pembeni. "Mwanangu, hii tozo tuliyoikataa leo ni ya kitu gani?"

Nilimjibu kwa kuzungukazunguka. Mama yule alikuwa ameacha jiko lake tangu alfajiri, akatoa sura na sauti yake mbele ya nchi nzima kwa jambo ambalo hakuna aliyemweleza. Mimi nililijua lote. Katika kazi yangu hii sijafanya jambo linaloniuma kuliko hilo.

Tangu hapo, andiko lolote ninalopeleka kwa mbunge, wizarani au chumba cha habari linaanza na mambo matatu: nani analipia kazi hii, atapata nini ombi likikubaliwa, na nani ataumia. Hilo la tatu ndilo wateja hulipinga zaidi. Wanasema, kwa nini tumpe mpinzani silaha? Nilichokiona ni kwamba mtaalamu wa serikali atazitafuta hasara hizo hata usipomwambia, na akizikuta umezificha, hata takwimu zako za kweli hatazigusa. Ukizitaja mwenyewe, anakupigia simu kuuliza zaidi.

Na kama unawahitaji kweli mama lishe, waeleze kwanza. Wapelekee muswada, wakae nao siku mbili tatu, waseme kwa maneno yao, hata yakitofautiana na ya mteja. Kisha tangaza kwamba nauli umelipa wewe.

Sasa mshiko. Kila aliyewahi kuandaa mkutano na waandishi Posta anaijua bahasha inayotolewa mlangoni baada ya kusaini mahudhurio. Siwalaumu sana waandishi wa kujitegemea, wengi hulipwa kwa habari moja moja, na malipo yenyewe ni kidogo. Lakini ukimlipa mwandishi kwa siri, msomaji anakuwa amesoma tangazo akidhani ni habari. Safari ya kweli, mathalani kwenda kuona shamba Mkuranga, mimi naweka basi moja la wote na kuandika kwenye mwaliko kwamba hakuna posho. Hudhurio hupungua, ndiyo. Ukitaka nafasi gazetini kwa fedha, nunua tangazo liandikwe tangazo.

Tuwe macho pia na majina mazuri tunayoyapa mambo haya. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu takrima, neno la heshima la kumkirimu mgeni, na wagombea wakapata mlango wa kugawa vitu kwa wapiga kura. Asasi za kiraia zikaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 vifungu vile vikabatilishwa. Chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, anayetoa na anayepokea wote wana kesi. Afisa kijana anayebeba bahasha ya bosi wake aisome mapema.

Kwa mabosi wanaojali biashara tu, kuna Bell Pottinger ya London. Ilipokea kazi ya kampuni ya familia ya Gupta nchini Afrika Kusini, ikashutumiwa kuchochea chuki za rangi kwa kampeni yake. Septemba 2017 chama cha taaluma yao Uingereza kiliifukuza, wateja wakakimbia, na kabla mwezi huo haujaisha ikawa mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi.

Kijana aliniuliza afanyeje bosi akikataa. Nilimwambia aombe maelekezo kwa maandishi, kwa adabu, kila mara. Wengi hughairi wenyewe wakitakiwa kuandika. Pale Upanga mimi sikuomba.

Miezi kadhaa baadaye nilirudi Temeke kumtafuta yule mama. Nilimkuta anamenya viazi. Nikamweleza tozo ilikuwa ya nini na nani alitutuma. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama lile tamko linaweza kufutwa. Nilimwambia ukweli, kwamba haliwezi. Picha yake ipo mtandaoni hadi leo.