Samarkand na watoto mwezi wa saba? Mkuu, subiri kwanza

Mkuu, nimeona umeuliza hoteli, treni, chakula na kama ubebe kigari cha mtoto kwenda Samarkand, kule Uzbekistan, Julai na wadogo wawili. Badilisha mwezi.

Na najua kuna mtu amekwambia "watu wa Dar joto mmelizoea". Hata mimi niliuziwa maneno hayohayo na wakala wa safari, ameketi kwenye AC, ambaye nahisi hajawahi kuvuka hata Mto Wami. Joto la Dar unalijua kwa jasho: shati likilowa, unatafuta maji. Samarkand iko mbali na bahari na hewa yake ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona. Mtoto anaishiwa maji ngozi ikiwa kavu kabisa, na wewe unajigamba mbona joto lenyewe la kawaida. Kumbe linagonga nyuzi 40. Wenyeji wana siku 40 za joto kali wanaziita chilla, kama Juni 25 hadi Agosti 5, na mchana wao wanajikalia ndani. Mnaobaki juani ni ninyi na kofia zenu.

Kilichotuponza sisi ni saa. Mtu wa ikweta amezoea jua kuzama saa kumi na mbili, kwa hiyo ilipofika saa tisa tukasema makali yamepungua, twendeni Registan. Kule Julai jua linazama karibu saa mbili usiku! Saa tisa ndiyo kwanza joto limekolea. (Msinicheke, jiografia nilifaulu.) Registan ni uwanja wazi, madrasa tatu kubwa zimeuzunguka pande tatu, na sakafu imekula jua tangu alfajiri, unaisikia kwenye soli za viatu. Kitinda mimba wangu akaketi chini ya lango la Sher-Dor, lile lenye simba wa milia waliobebeshwa jua mgongoni, na hakutaka hata kuwatazama. Midomo imekauka, macho mazito, kichwa kinamgonga. Mke wangu akauliza, "Huyu leo amekojoa saa ngapi?" Tukatazamana. Muuza skafu mmoja, mama mtu mzima, akalowesha kitambaa akamfunga kichwani bila kutuomba ruhusa, huku anatufokea kwa lugha yao. Sikuambulia neno, ila ujumbe ulifika.

Tulimalizia kliniki, dripu mkononi mwa mtoto, hela ya kwendea mji wa Bukhara ikaishia hapo. Nikamtumia wakala picha ya ile dripu. Akanijibu kwa dole gumba. Dole gumba, jamani!

Kwa hiyo kama Julai haikwepeki, sheria ni moja: kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni mtoto hakanyagi nje. Hata akilia. Hata kama mwongozo keshalipwa. Asubuhi mapema nendeni makaburi ya Shah-i-Zinda, alipozikwa Qutham ibn Abbas, binamu yake Mtume. Kinjia cha katikati ya makaburi ni chembamba, kuta zinawakinga na jua. Kuna ngazi ndefu ya kupandia, basi kigari kiacheni nyumbani. Registan mwende usiku, taa zinawaka, watu wamejaa na watoto wao wanakimbizana. Pakiti za ORS, ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeishiwa maji mwilini, ziwe kwenye mkoba wako, siyo kwenye sanduku hotelini. Na usimpime mtoto kwa jasho, mpime kwa mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea au haupo kabisa, rudini ndani.

Treni ya Afrosiyob kutoka Tashkent, mji mkuu wao, ni saa mbili na kidogo, ina ubaridi, ila tiketi zinawahi kuisha. Pilau yao wanapika kwa karoti nyingi na nyama ya kondoo, na huliwa mchana. Ukichelewa unakuta sufuria tupu. Wangu waliulizia mdalasini na iliki, lakini sahani zilirudi nyeupe.

Aprili, Mei, Septemba, Oktoba, hiyo ndiyo miezi. Kama shule zinabana na lazima iwe Julai, fikiria Issyk-Kul kule Kirgizia, ziwa liko mita 1,600 juu ya bahari na watoto wanaogelea.

Sasa nijibu: tiketi umeshalipa, au umeshika nafasi tu? Kama ni nafasi, wapigie leo kabla hawajafunga ofisi.