Muulize Mzee wa Studio: Yule mwanasheria mzee wa Australia

SWALI: Shikamoo Mzee. Ninaigiza mchezo wa redio hapa Moshi, malipo yenyewe ni nauli na soda. Juzi kaka yangu alileta filamu ya Australia inayoitwa The Castle, kuhusu familia inayolazimishwa kuhama nyumba yao ili uwanja wa ndege upanuliwe. Humo yumo mwanasheria mstaafu, mzee mpole, anayejitolea kuwatetea mpaka Mahakama Kuu. Sauti yake haijanitoka. Kaka anasema mzee huyo naye alianzia redioni. Ni kweli? Nauliza kwa sababu nimeitwa kwenye usaili wa tamthilia ya runinga huko Arusha, na mwenzangu ananivunja moyo, eti watu wa redio hatufai mbele ya kamera.
Binti wa Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako kasema kweli tupu. Huyo ni Charles Tingwell, ambaye kwao walimwita Bud. Alizaliwa Coogee, pwani ya Sydney, tarehe 3 Januari 1923. Redio ilimdaka akiwa kijana mbichi, katika kituo cha 2CH, akasifika kuwa mtangazaji mdogo kuliko wote Australia.

Ikaja vita. Mwaka 1941 akaingia jeshi la anga, akajifunza urubani Kanada, kisha akarusha ndege za kupiga picha za upelelezi upande wa Mediterania. Alipotoka vitani, filamu moja ya mwaka 1946 ilimpa kipande kidogo sana, kama afisa wa jeshi la anga. Husimuliwa kwamba alichukuliwa kwa kuwa sare alikuwa nayo mwenyewe. Usicheke. Hata huku kwetu nimeona mtu akipewa nafasi ya shehe kwa sababu tu kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo lilipo swali lako. Miaka ile baada ya vita, Sydney ilikuwa na michezo ya redio asubuhi mpaka usiku. Mwigizaji aliweza kuwa daktari saa tatu, jambazi saa tano, halafu akimbilie studio nyingine mchana awe baba wa watoto wanne, nguo zile zile mwilini. Septemba 1956 runinga ikaanza kurusha matangazo Sydney. Vituo vikaona ni rahisi kununua vipindi vya Marekani kuliko kutengeneza vyao, na michezo ya redio ikaanza kukauka. Waigizaji wengi wa Australia wakafunga mizigo kwenda Uingereza. Tingwell alihamia London mwaka huo huo.

Huko alipata kazi ya Dk. Alan Dawson katika tamthilia ya hospitali, Emergency Ward 10, iliyorushwa na ITV. ITV ya kwao hiyo, si ya Mikocheni. Nyumba nzima nzima zilimjua kwa koti jeupe. Lakini kipande ninachokipenda mimi ni cha mwaka 1967. Katika mfululizo wa vikaragosi uitwao Captain Scarlet alikuwa daktari tena, Dk. Fawn, na safari hii hakuonekana hata ukucha. Waigizaji walirekodi sauti kwanza, peke yao, kama sisi tu. Baadaye kanda ilipochezwa, umeme uliotokana na zile sauti ulipelekwa kwenye kifaa kidogo ndani ya kifua cha kikaragosi, mdomo ukafunguka na kufumba kwa kufuata maneno. Yaani runinga ile yote ilisubiri watu wa maikrofoni wamalize kazi ndipo ianze yake. Mwambie mwenzako hilo, umuone atasema nini.

Mwaka 1973 alirudi Australia, akawa Inspekta Reg Lawson katika Homicide, tamthilia ya polisi ya Melbourne. Waliokuwa wakiitengeneza, kampuni ya Crawford, walianza kazi mwaka 1945 kwa michezo ya redio, na runinga ilipokuja wakavuka nayo. Huku Tanzania Bara tulipata runinga mwaka 1994, na wengi wa rika langu tulibaki ng'ambo ya huku tukisema ni mambo ya vijana. Basi ndiyo hivyo.

The Castle ilitoka 1997, yeye akiwa na miaka sabini na ushee. Ilipigwa kwa siku 11 tu. Hoja inayobishaniwa mle ndani unaijua hata wewe uliye Pasua: serikali ikitaka ardhi yako, fidia ya haki ni ipi? Angalia tena anavyosema maneno yake mbele ya majaji. Hapigi kelele, hatupi mikono. Anaacha neno litue, kisha analeta lingine. Kituo cha namna hiyo hukipati kwenye kioo cha kujipambia. Alifariki Melbourne tarehe 15 Mei 2009, akiwa na miaka 86, na serikali ikamfanyia mazishi ya heshima.

Kuhusu usaili: nenda. Sauti unayo, kasoro yako itakuwa macho. Sisi tumezoea kuyalaza kwenye karatasi, na kamera haisamehi hilo. Kariri kipande chako wiki nzima kabla, ukiseme ukimtazama mtu usoni, hata kama ni bibi yako anachagua mchele. Halafu punguza sauti. Redioni tunabeba hasira yote kwa koo, lakini mbele ya kamera nusu yake ibebwe na uso. Na uliza mapema kama wanataka uje na kitenge au gauni.

SWALI: Mzee, toleo lililopita uliandika kwamba zamani Waaustralia walitangaza mechi za kriketi redioni bila mtangazaji kuwepo uwanjani. Hapo umetupiga kamba.
Msomaji wa Ngarenaro, Arusha

JIBU: Kamba hakuna, ndugu yangu. Mwaka 1938 timu yao ilikuwa Uingereza, na ABC, shirika la utangazaji la Australia, ikatangaza mechi kutoka studio ya Sydney. Simu za maandishi zilikuja kutoka uwanjani zikieleza kwa kifupi mpira ulivyokwenda, watangazaji wakazijaza nyama kwa maneno yao. Mlio wa gongo kupiga mpira? Penseli juu ya kipande cha mti. Makofi ya watazamaji yalitoka kwenye sahani ya santuri.

Sisi mvua ya masika tuliinyesha kwa mahindi makavu kwenye ungo, ukiyazungusha polepole karibu na maikrofoni. Ila mahindi yawe yamepepetwa vizuri. Yakiwa na pumba, fundi mitambo atakufukuza.