Rada ipo, roketi ya nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha sita hapa Temeke. Nimesikia watafiti wa anga la juu kule Norwe wana rada kubwa, na bado wanarusha roketi. Kama rada inaona, roketi ya nini? Na kwa nini waende kwenye baridi yote ile?

JIBU: Marahaba. Tuanze na kimo. Puto la utafiti huishia kilomita 40 hivi. Setilaiti nayo ikishuka chini ya kilomita 200, hewa huikokota na haidumu. Aurora, ile mianga ya kijani, huwaka kuanzia kilomita 100 hivi, mahali ambapo hakuna chombo kinachoweza kukaa. Roketi hupita tu.

Rada ya EISCAT karibu na Tromsø, kaskazini mwa Norwe, ina dishi la kipenyo cha mita 32. Inapeleka juu mawimbi ya nguvu inayozidi megawati moja, na elektroni za huko hurudisha mwangwi hafifu mno. Miaka yote hii ya kazi ya redio, mwangwi huo bado unanishangaza: ukiangalia ulivyosambaa kwenye masafa ya redio, unajua wingi wa elektroni, joto lake, hata mwendo wa ioni. Tena rada inakesha. Ila kila kipimo chake ni wastani wa eneo pana, na utepe wa aurora wenye upana wa mita mia moja unamezwa humo.

Hapo ndipo roketi inapohitajika. Ikifika juu inavua kifuniko cha pua, inakunjua mikono yenye vihisio, na kupima njia nzima inayopita. Dakika chache, kisha inaangukia baharini. Huko Andøya, kisiwa cha Norwe walikoanza kurusha mwaka 1962, roketi inaweza kusubiri siku kadhaa huku watafiti wakikodolea macho vipimo vya rada, mpaka anga liwe wanavyotaka.

Wanafuata baridi kwa sababu ya sumaku ya dunia. Kule mistari yake inazama karibu wima, na chembe kutoka angani zinaifuata hadi chini.

Usidhani kwetu kumetulia. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, na jua likishazama ayonosfia ya ukanda huu, yaani tabaka la juu la hewa lenye elektroni na ioni, hutoa mapovu, sehemu zenye elektroni chache, yanayovuruga mawimbi ya setilaiti. Rada ya Jicamarca, Peru, imeyachunguza kwa miaka mingi. Nimewahi kusimama Kigamboni saa mbili usiku na kipokezi cha GPS cha kupimia viwanja, mbingu nyeupe kabisa, nikaona setilaiti zinapotea kwenye skrini moja baada ya nyingine. Nilisubiri karibu saa nzima ndipo zikarudi.