Shinda Kwanza kwa Mafundi

Mpanga miji au msanifu majengo kijana anayepata kazi Accra au Lagos, ushauri wangu kwake ni kwamba asianze kuchora kabla hajashinda kutwa kwa mafundi, akiwatazama wakifanya kazi. Niliyojifunza Agbogbloshie, soko la vyuma chakavu lililokuwa kando ya mto Odaw jijini Accra, sikuyapata katika ripoti nilizokabidhiwa. Ripoti zilieleza moshi wa nyaya zinazochomwa ili kupata shaba, jambo la kweli na la hatari, lakini hazikutaja watoto walioburuta sumaku ya spika kuukuu kwa kamba ili iokote vipande vya chuma vumbini, wala safari ya friji mbovu kutoka mkokotenini hadi kwa mvunjaji, kisha kwenye mizani ya mnunuzi, hadi kwa fundi anayeyeyusha alumini na kusubu masufuria. Wote hao walitegemeana kwa kuwa walikuwa jirani. Ukiwatenganisha kwa mchoro nadhifu, hata ukiwapa mabanda ya saruji, umeua biashara yao.

Uliza pia ardhi ni ya nani, kwa maana asiyeimiliki anaweza kuondolewa wakati wowote. DK Osseo-Asare na Yasmine Abbas, waanzilishi wa Agbogbloshie Makerspace Platform, mradi wa ubunifu na mafundi wa soko hilo, walibuni pamoja na mafundi wa hapo kibanda cha fremu za chuma kinachoweza kufunguliwa na kuhamishwa. Uamuzi huo unaweza kuonekana mdogo, mpaka ukumbuke kwamba Julai 2021 soko lilibomolewa na mafundi wakatawanyika.

Suala la matengenezo ndilo wasanifu tunalolikwepa zaidi, pengine kwa sababu halipigwi picha. Shule inayoelea ya Makoko, mtaa wa Lagos uliojengwa juu ya maji, iliyobuniwa na Kunlé Adeyemi, ilikaa juu ya mapipa ya plastiki. Mwaka 2016 mbunifu huyo alitunukiwa tuzo ya Simba wa Fedha katika maonyesho ya usanifu majengo huko Venice, Italia, kwa toleo la pili la shule hiyo, na siku chache baadaye ile ya Makoko ikaanguka kwa mvua kubwa. Simlaumu kwa kuthubutu. Hata hivyo, naipenda zaidi printa ya 3D, mashine ya kuunda vitu tabaka kwa tabaka, ambayo Afate Gnikou aliiunda katika karakana ya WoeLab, Lomé, Togo, kwa vipuri vya kompyuta na skana zilizotupwa, kwa kuwa kipuri chake kikifa, kingine hutafutwa jaani. Basi kabla ya kusaini mkataba, dai uandikwe ndani yake nani atabadilisha mbao zikioza, na kwa fedha za nani.