Jibu: Wiki ya kwanza ya Juni Chicago na watoto

Dada, karibu sana Chicago. Umeuliza mtembee wapi na watoto wiki ya kwanza ya Juni bila kumaliza pesa. Anzeni na ziwa. Lakefront Trail, njia ya miguu na baiskeli, ina urefu wa kilomita 29 hivi, na fukwe zimeshafunguliwa. Ila maji ya Ziwa Michigan bado ni ya baridi kweli, kwa hiyo watoto wacheze mchangani tu. Beba masweta, maana upepo wa ziwani hugeuka ghafla hata siku ya jua kali. Jua huzama baada ya saa mbili usiku, msiharakishe kurudi.

Bustani ya wanyama ya Lincoln Park ni bure mwaka mzima. Millennium Park nayo bure. Humo ndani, pale Crown Fountain, chemchemi ya maji, watoto huchezea maji mpaka walowe chapachapa, basi chukua nguo za kubadili.

Nakuomba pia uwapeleke DuSable, makumbusho ya historia ya watu weusi yaliyoanzishwa 1961, upande wa kusini. Wageni wengi hawafiki huko, na inaniuma. Boti ya mtoni ya kuangalia majengo ni ya kulipia, lakini kama mtalipia kitu kimoja tu, kiwe hicho.